Waliofaulu Kigrima

Nchi hii haiko karibu na hapa, na wote waliowahi kufika huko wanaapa kwamba haifanani hata kidogo na nchi yoyote tunayoijua, nasi hatuna sababu ya kuwabishia. Iko kaskazini kabisa, kule ambako jua hutoka kwa kusitasita kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa chakula. Jina lake Grimalandi. Ng'ambo ya mto Skelva kuna nchi nyingine iitwayo Torvalandi. Enzi hizo za panga na ngao nchi zote mbili zilikuwa na wafalme wapenda amani, ndiyo maana zilipigana kila mwaka.

Zamani zilikuwa nchi moja. Malkia Gunvori alizitawala zote akiwa amekalia ngozi ya dubu, na alipokufa wanawe wawili wakaikata ile ngozi katikati, kisha wakaikata na nchi. Watu wakabaki vilevile walivyokuwa. Wagrima na Watorva waliendelea kuoana, kuombana chumvi na kutukanana mtoni, na kila mmoja alilielewa tusi la mwenzake bila kufafanuliwa. Tofauti ilikuwa moja tu: Mtorva akifika mwisho wa neno huuvuta kidogo, kama mtu anayeingia maji ya baridi.

Vita ya mwaka tunaousimulia ilianza kwa sababu ya kuelewana. Balozi wa Torvalandi alitamka neno mbele ya Mfalme Sigtrigi wa Grimalandi, na kwa bahati mbaya Mfalme akalielewa. Neno lenyewe lilihusu pua yake. Siku ya tatu majeshi yakakutana kwenye kivuko cha Skelva, yakachinjana tangu asubuhi hadi adhuhuri, na wakazi wa mkondo wa chini wakakaa wiki nzima bila kuchota maji. Wagrima walitangaza ushindi. Watorva nao walitangaza ushindi. Waliokufa hawakuulizwa.

Mateka thelathini na saba wa Kitorva waliletwa mjini wamefungwa kamba moja. Mfalme akaamuru wakatwe vichwa, na wakati huohuo, ili pasiwe tena na undugu wowote na watu waliotaja pua yake, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu Kigrima na Kitorva ni lugha mbili tofauti zisizohusiana. Atakayesema vinginevyo atatobolewa ulimi.

Hapo ndipo wanasheria walipoanza kujikuna. Malkia Gunvori alikuwa ameacha sheria moja tu ya huruma katika utawala wake wote, na sheria hiyo ilisema: hakuna atakayekatwa kichwa ila awe amesomewa hukumu yake kwa Kigrima, akaielewa. Sasa Mtorva ataelewaje Kigrima, lugha ya kigeni kabisa?

"Wafundishwe," Mfalme alisema. "Wakielewa, wakatwe."

Na kwa kuwa nchi ile iliheshimu sheria, akatafutwa mwalimu.

*

Mwalimu aliyepatikana alikuwa Bibi Ulfrida, mjane wa makamo aliyefundisha watoto wa makabaila kusoma. Aliitwa ngomeni kwa Mheshimiwa Botolfu, Mlinzi Mkuu wa Ulimi wa Taifa. Cheo hicho kilikuwa na siku nne tangu kiundwe, lakini Botolfu alikuwa tayari amekipatia joho, fimbo na namna ya kukohoa.

"Bibi Ulfrida," alianza, akatazama juu kana kwamba hotuba imeandikwa darini. "Taifa limekupa dhamana. Utayachukua mabubu haya, uyatie nuru ya Kigrima, uyanyanyue kutoka gizani hadi..."

"Hadi wapi, Mheshimiwa?"

"Hadi kwenye kigogo cha Ketili."

Ketili ndiye aliyekuwa mkata vichwa. Alikuwa amesimama mlangoni, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, akainama kidogo kama anayetambulishwa harusini.

Ulfrida alijua vizuri kwamba Watorva wale hawakuhitaji mwalimu. Bibi yake mzaa mama alikuwa wa kijiji cha ng'ambo. Lakini hakusema kitu, na si kwa kuuogopa msumari wa kutobolea ulimi. Mdogo wake wa pekee, Eindridi, aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi kufa, alikuwa amerudishwa kutoka kivukoni juu ya mlango uliong'olewa, ana tundu la mkuki shingoni ambalo ngumi ingeweza kuingia. Alimwosha kwa mikono yake. Kwa hiyo aliposikia kwamba kazi yake ni kuwafikisha watu wale kwenye kigogo, moyo wake haukumkataza.

"Nitahitaji muda gani kuwafundisha?" aliuliza.

"Tume yangu ya Ulimi imekadiria miaka mitatu."

"Nipeni wiki moja."

Botolfu alimtazama kwa mshangao mkubwa. "Lugha ngumu hivi? Wiki moja?"

"Ni mimi ninayefundisha," alisema Ulfrida, naye Botolfu akaona kwamba amepata mzalendo.

*

Darasa lilikuwa ghala la zamani la samaki wakavu. Mateka walikaa sakafuni, minyororo miguuni. Siku ya kwanza Ulfrida aliingia, akawaangalia mmoja mmoja shingoni, kisha akasema, "Hamjambo."

"Hatujambooo, Mwalimu," waliitika wote.

Karani wa Tume aliyekaa pembeni aliandika kwamba maendeleo ni ya kuridhisha.

Mwisho wa wiki ukafanyika mtihani uani, mbele ya Botolfu, Ketili na umma. Mateka hawakuwa wameambiwa mtihani ni wa nini. Waliambiwa tu kwamba anayefaulu ataondoka. Sita wa mstari wa mbele, vijana wenye haraka ya kurudi kwao, waliinuka wenyewe.

Botolfu alimwonyesha wa kwanza kiatu. "Hiki nini?"

"Kiatuuu, Mheshimiwa."

"Cha nani?"

"Chakooo."

"Amefaulu!" Botolfu alipaza sauti, na umma ukapiga makofi. Ulfrida akatia sahihi kwenye cheti, nta ikamwagwa, muhuri ukagongwa. Kijana akakipokea kwa mikono miwili, akacheka, akageuka kuwaonyesha wenzake. Alikuwa bado anacheka walipompigisha magoti na kumsomea hukumu kwa haraka. Alipofika kuielewa, shoka lilikuwa limekwisha kushuka. Kichwa kilibingirika hadi miguuni pa mwenzake wa pili, ambaye alipiga ukelele, na kwa kuwa katika ukelele ule kulikuwa na maneno "Mungu wangu", naye akahesabiwa kuwa amefaulu.

Wanne waliobaki waliviringishwa kwenye theluji wakibanwa vifua kwa magoti, wakiulizwa majina yao. Mmoja aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, askari wakavikata vile viganja ili mtahiniwa asizuiwe kujieleza. Alipolia "maumivuuu", Botolfu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ketili aliteleza mara mbili kwa damu na kila mara alimwomba radhi aliyekuwa chini.

Ulfrida alitia sahihi vyeti vyote sita. Alikuwa amengojea kusikia kitu ndani yake kikitulia. Alisimama pale hadi ua ulipomwagiwa majivu, na kile kitu hakikutulia.

*

Jumatatu iliyofuata aliingia darasani, akasema, "Hamjambo."

Kimya. Watu thelathini na mmoja walitazama sakafu. Karani akaandika kwamba maendeleo yameshuka ghafla, huenda ni kwa sababu ya baridi.

Karani alipotoka kwenda kuota moto, mzee mmoja aitwaye Torgili, aliyekuwa na jicho moja tu tangu kivukoni, aliinua uso.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "sisi tunakuelewa na wewe unatuelewa. Hatukuombi kitu kikubwa. Tufelishe."

"Ndugu yangu yuko chini ya changarawe," Ulfrida alijibu. "Nyinyi ndio mliomweka."

Hapo akasema mtu wa nyuma, kijana mpana wa mabega aliyeitwa Asgauti, ambaye kwao alikuwa mtengeneza jibini. "Alikuwa na sura gani, dada?"

"Usiniite dada. Alikuwa na nywele nyekundu. Alichomwa hapa." Akagusa shingo yake.

Asgauti aliinamia minyororo yake. "Sijui kama ni mimi," alisema. "Nilichoma nimefumba macho. Nilipofumbua palikuwa na watu watatu wameanguka mbele yangu na maji yote mekundu, hata nywele sikuweza kuzitambua. Ila mmoja wao alikuwa anamwita mama yake. Nilimwelewa. Tangu siku ile ndicho ninachokisikia."

"Mama yetu alikufa zamani," Ulfrida alisema. "Mimi ndiye aliyekuwa akimwita mama."

Alitoka nje akaegemea ukuta. Angeweza kumwita karani wakati uleule na kumwambia, huyu wa nyuma anasema Kigrima safi kabisa. Neno moja tu lingetosha. Alirudi ndani, akachukua chaki, akaandika ubaoni herufi ya kwanza, na siku hiyo yote hakufundisha herufi nyingine.

Katika mtihani wa pili wote thelathini na mmoja walifeli. Botolfu aliwaonyesha kiatu, kijiko, kuku aliye hai na kuku aliyekufa. Walitazama kama ng'ombe wanavyotazama mvua. Askari waliwachoma chuma cha moto kwenye nyayo, nao walilia bila maneno, maana walikuwa wamefanya mazoezi ghalani ya kulia bila maneno. Mzee Torgili aling'olewa kucha tatu na akatoa sauti ya bata.

"Hili ni janga la elimu," Botolfu alitangaza. "Na mwanafunzi akifeli, mkosaji ni mwalimu. Kila aliyefeli, kiboko kimoja."

Wakamfunga Ulfrida kwenye nguzo, wakamchania nguo mgongoni. Askari aliyepewa kiboko alikuwa na nguvu nyingi na hesabu chache. Alihesabu kwa sauti, na alipofika ishirini akarudi kumi na moja. Ulfrida aliuma kamba. Alipofika ishirini mara ya pili, ngozi ya mgongo ilikuwa imefunguka na kiboko kilikuwa kinarusha matone kwenye joho la Botolfu. Askari akapumua, akatema mate, akarudi tena kumi na moja.

"Ishirini na mojaaa!" sauti ilipasuka kutoka katikati ya mateka. "Umeshapita hapo mara mbili, mnyama wewe! Ameshakwisha zamani! Mwacheniii!"

Alikuwa Asgauti. Wenzake walimvuta nguo, wakamziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na kila mtu alikuwa amelisikia.

Botolfu alipiga makofi mwenyewe. "Lugha na hesabu kwa mpigo mmoja! Leteni cheti."

Walimfungua Ulfrida mkono wa kulia ili atie sahihi. Alikataa. Wakamshika kidole, wakakichovya kwenye damu ya mgongo wake, wakakibandika kwenye karatasi. Asgauti alipita karibu naye akienda kwenye kigogo, akasimama kidogo.

"Samahani kwa ndugu yako," alisema. "Kama alikuwa yeye."

Ketili alijitahidi sana siku ile ili iwe mara moja tu, na ikawa mara moja.

*

Ulfrida alilala kifudifudi kwa siku tisa. Siku ya kumi alijikokota hadi kwa Mheshimiwa Botolfu, na aliyokwenda kumwambia alikuwa ameyapanga vizuri.

"Mheshimiwa, nimegundua kwa nini wanafeli na kwa nini yule alifaulu. Kigrima chetu hakijatakata. Kimejaa Kitorva. Tunasema 'maji', na wao wanasema 'maji'. Tunasema 'mkate', wao vilevile. Wameingia ndani ya vinywa vyetu, Mheshimiwa. Mfalme akijua kwamba Mlinzi Mkuu mwenyewe anatamka maneno ya adui kila akiomba chumvi..."

Botolfu aligeuka rangi. Alisema "Mungu wangu," kisha akajiziba mdomo, maana nalo lilikuwa la Kitorva.

"Nifanye nini?" alinong'ona.

"Kitengenezwe Kigrima Safi. Lugha mpya ambayo hakuna Mtorva aliyewahi kuisikia. Na hukumu zote zisomwe kwa hiyo. Kazi kama hiyo inahitaji mtu mwenye kipaji, mimi siiwezi."

Botolfu akakubaliana naye kwamba inahitaji mtu mwenye kipaji. Alijifungia siku arobaini na gunia la unga wa haradali. Kila alipounusa alipiga chafya, na karani aliandika chafya ile kwa uangalifu na kuipa maana. Maji yakawa "hrishumu". Kichwa kikawa "plunu". Kukata kukawa "gromvaski". Kamusi ilipozinduliwa, ng'ombe sita walichinjwa, na Mfalme akatia sahihi sheria kwamba tangu sasa Kigrima ni Kigrima Safi, na Kigrima cha zamani kinaruhusiwa kwa muda tu, kwa ajili ya kuulizia njia.

Mtihani wa tatu ulikuwa wa utulivu. Mateka thelathini walionyeshwa kiatu. Wakaulizwa kwa Kigrima Safi ni nini. Hawakujua, na safari hii hawakujua kwelikweli. Umma nao haukujua. Ketili hakujua. Mtahini mwenyewe ilimbidi afungue kamusi. Ulfrida alipewa viboko thelathini kwa matokeo yale, na safari hii vilihesabiwa na karani. Kilipotua cha mwisho alikuwa anatoka damu puani, lakini alihesabu mateka wakirudi ghalani, wakatimia.

*

Mfalme Sigtrigi aliamua kuhutubia jeshi lake kwa lugha mpya siku ya kuzaliwa kwake. Botolfu alimwandikia hotuba. Wapiganaji elfu mbili walisimama kwenye theluji, na Mfalme, amevaa taji la sherehe, akafungua kinywa na kupiga, kwa mujibu wa masikio ya waliokuwepo, chafya mia moja na ishirini zenye kupangika. Kwenye chafya ya nane mpiganaji mmoja alisema, "Afya!" Jeshi zima likaanguka kwa kicheko. Na Mfalme alikuwa mtu mwenye pua yake, mnakumbuka ilikotufikisha.

Aliyesema "Afya" alipasuliwa tumbo papo hapo kwa mkuki wa Mfalme mwenyewe, bila hukumu, kwani wanasheria walieleza baadaye kwamba sheria inataja vichwa tu. Kisha Mfalme akamgeukia Botolfu.

"Kichwa chake nakitaka leo."

Botolfu alivuliwa joho akaburutwa hadi uani. Lakini wanasheria wakakohoa tena. Hukumu lazima isomwe kwa Kigrima, yaani Kigrima Safi, na mshtakiwa aielewe. Lazima apimwe. Wakamwita mwalimu wa taifa.

Ulfrida alikuja akitembea kwa fimbo, mgongo umejikunja kama ngozi iliyokaushwa vibaya. Alikuwa ameota mara nyingi siku ambayo angemwona mtu huyu amepiga magoti mahali hapa. Alimkuta anatetemeka, mafua yanamtoka, na ndevu zimegandamana na uchafu wa mahali ambapo Asgauti alimwaga damu yake. Akachoka. Aliinama hadi sikioni pake.

"Mheshimiwa," alimnong'oneza, "nitakuuliza kama umeelewa. Sema hujaelewa. Basi tu. Hawana la kufanya."

"Niseme sielewi?" Botolfu alinong'ona.

"Ndiyo. Utaishi."

Karani akasoma hukumu: "Plunu gromvaski." Watu wote wakamtazama Botolfu, na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyekuwa amefahamu kitu. Ulfrida akauliza kwa sauti kubwa, "Mshtakiwa, umeelewa?"

Botolfu alifungua mdomo akaufunga. Aliutazama umma. Wale waliokuwa karibu wanasema uso wake ulianza na woga, ukapita kwenye mahesabu, kisha pakaingia kitu kingine kama cha mtu anayekumbuka kwamba kuna wageni sebuleni. Akajinyoosha mabega.

"Mimi?" alisema. "Mimi nisielewe? Mimi ndiye niliyeiumba! Naielewa kila silabi, enyi wajinga, na katika nchi hii ni mimi peke yangu!"

Ulfrida alifumba macho. Cheti kilitolewa, chenye alama za juu kabisa kuwahi kupatikana. Shoka lilikuwa limechakaa kwa kazi ya mwaka ule, ikambidi Ketili akate mara nne, na kati ya pigo la pili na la tatu Botolfu alisema neno ambalo halimo kwenye kamusi.

Baada yake hapakuwa na mtu yeyote aliyejua Kigrima Safi, na kwa hiyo hapakuwa na mtu yeyote wa kukatwa kichwa kihalali katika Grimalandi nzima. Wanasheria waliliita pengo la kisheria. Ketili akafungua bucha.

*

Mfalme alichoka kulisha mateka asioweza kuwaua. Ikatokea kwamba binamu yake alikuwa ametekwa na Watorva akiwa amelewa, wakakubaliana kubadilishana: thelathini kwa mmoja, juu ya barafu ya Skelva. Ulfrida alitumwa na daftari la majina kuhakikisha wanafika wote.

Katikati ya mto Watorva walikuwa wameweka meza. Nyuma yake aliketi mheshimiwa mwenye joho na fimbo, na nyuma yake wapiga upinde ishirini. Kwani Torvalandi nayo ilikuwa imetangaza kwamba Kitorva ni lugha ya pekee isiyohusiana na nyingine yoyote, na ilikuwa na Mlinzi wake.

"Wanaorudi lazima tuhakikishe ni Watorva halisi," alisema yule mheshimiwa. Akawageukia mateka. "Anayenielewa ainue mkonooo."

Hakuna aliyeinua. Walitazama barafu. Majira yote ya baridi walikuwa wamejifunza somo moja tu, kwamba anayeelewa anakufa, na walikuwa wamelijua vizuri mno. Mzee Torgili alifungua mdomo ikatoka sauti ya bata.

"Si wetu," alisema yule mheshimiwa kwa masikitiko. "Ni majasusi. Vuteni nyuta."

"Jibuniii!" Ulfrida alitupa daftari. Alipiga kelele kwa namna bibi yake alivyopiga kelele kuita kuku, akiuvuta mwisho wa kila neno. "Huyu anawauliza ili muishiii! Inueni mikono, jamaniii, mnamwelewaaa!"

Mikono ikainuka, kwanza mmoja, kisha yote kwa pamoja, na midomo ikafunguka, watu wanalia na kutaja majina ya vijiji vyao. Wakati huohuo, kwenye ukingo wa Grimalandi, nahodha mmoja alisikia mwanamke wao akisema Kitorva. Na upande wa pili kulikuwa na mpiga upinde ambaye vidole vyake vilikuwa vimeganda akashindwa kuushikilia uzi. Mshale ukaja ukamwingia Ulfrida pajani hadi mfupani. Ulitoka upande gani haijulikani hadi leo. Nchi zote mbili zinaudai.

Mateka waligeuka nyuma. Hakuna aliyewaamuru. Walimburuta juu ya barafu, damu ikichora mstari nyuma yake, wakamfikisha mezani.

"Na huyu," aliuliza mheshimiwa, "anaelewa Kitorva?"

"Nakuelewa, mwanangu," Ulfrida alisema kwa meno yaliyoumana. "Ondoa meza, wapite."

*

Alipoweza kutembea tena, aliuliza njia hadi kijiji cha kina Asgauti. Mama yake alikuwa kwenye chumba cha jibini, mwanamke mfupi mwenye mikono ya chumvi, anafuta mbao. Ulfrida alibaki mlangoni, akamweleza yote tangu kivukoni hadi uani, hakuficha vile vyeti sita wala kidole chake kwenye kile cha saba. Alimweleza pia habari ya Eindridi.

Mama alisikiliza bila kusimamisha kazi.

"Huko kwenu," aliuliza hatimaye, "kulikuwa na mtu yeyote asiyeelewa anachosema mwanangu?"

"Hapana, mama. Hakuna hata mmoja."

"Alianza kusema akiwa na miezi kumi. Walitaka kumpima nini?"

Mama alitupa kitambaa, akamfikia, akampiga kofi kwa mkono ule wa chumvi, kisha akampiga jingine upande wa pili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hadi Ulfrida akashika nguzo asianguke. Hakujikinga. Mama akasimama anahema, mikono imelegea, akiangalia rafu ambazo jibini lake lilikuwa limeanza kuota ukungu upande wa chini, maana ni zito, na mikono iliyokuwa ikiligeuza haikuwepo tena.

"Shika huko," alisema. "Geuzaaa."

Ulfrida aliweka fimbo chini, akashika, wakageuza.